Damu, Mahindi na Ini

Mtoto azaliwaye Soweto West, kimojawapo cha vijiji vya Kibera katika Nairobi, hupelekwa kliniki na mama yake atimizapo wiki 6. Muuguzi huitazama kadi, humpima mtoto uzito, kisha humchoma sindano pajani. Mtoto hulia, mama humbembeleza, na shughuli imekwisha. Katika sindano ile moja zimo kinga za maradhi matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, maradhi ya mapafu na ya uti wa mgongo yaletwayo na bakteria aitwaye Hib, na homa ya ini ya aina ya B. Mama wengi huyajua matatu ya kwanza kwa majina, maana bibi zao waliyaogopa. Hili la tano hulisikia hapo kliniki tu, tena kwa haraka, foleni ikiwa ndefu.

Walakini kinga hiyo ya tano ina sifa isiyopatikana katika zile nne nyingine. Ilikuwa chanjo ya kwanza duniani kuzuia saratani ya binadamu. Habari za kupatikana kwake husimuliwa aghalabu kama habari za Marekani peke yake, na ni kweli kwamba mtu aliyeshika uzi wake tangu mwanzo hata mwisho alikuwa Mmarekani. Lakini uzi huo ulipita Kampala, ukapita Murang'a, na ulipita katika sahani na mishipa ya watu wa Afrika ya Mashariki kabla ya kurudi kwao katika sindano. Kwa sababu hiyo yafaa habari hizi zielezwe tena, mara hii zikitazamwa kutoka upande wetu.

Ini ni kiungo kivumilivu kupita kiasi. Mtu aweza kupoteza sehemu kubwa ya ini lake asihisi maumivu, akalima na kubeba mizigo kama kawaida. Saratani ya ini hutumia vibaya uvumilivu huo. Inapojionyesha, kwa tumbo kujaa maji, kwa kukonda, kwa macho kugeuka manjano, kwa kawaida muda uliobaki ni miezi tu. Katikati ya karne ya 20 madaktari wa hospitali ya Mulago huko Kampala, na wenzao wa Nairobi, waliona jambo lililowashangaza. Ugonjwa huu, uliokuwa adimu Ulaya na uliowapata huko wazee, hapa ulikuwa miongoni mwa saratani za kawaida, nao uliwachukua wanaume wenye nguvu zao, wenye wake na watoto wadogo. Wengi walidhani kwamba chanzo ni upungufu wa chakula utotoni. Ulikuwa wakati ambapo utapiamlo ulichunguzwa sana katika Mulago, na maini ya watoto waliokufa kwa utapiamlo yalionekana yamejaa mafuta. Dhana hiyo ilikuwa na busara, ila haikuwa sahihi.

Mtu ambaye angeigeuza dhana hiyo hakuwa akitafuta saratani wala homa ya ini. Baruch Blumberg alizaliwa New York tarehe 28 Julai 1925, akatumikia jeshi la majini katika Vita Vikuu vya Pili, kisha akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka wa 1950, akiwa angali mwanafunzi, alipelekwa Moengo, mji wa machimbo katika misitu ya Suriname, huko Amerika ya Kusini. Waliokaa mjini hapo walikuwa wazao wa watumwa wa Kiafrika, Wahindi, Wajava, Wachina na wengineo, wakifanya kazi mahali pamoja na kuumwa na mbu wale wale. Hata hivyo hawakuugua sawasawa. Matende, ugonjwa ambao watu wa pwani yetu waujua tangu zamani, yaliwashika zaidi watu wa kabila moja kuliko wa jingine. Kijana Blumberg akajiuliza: kwa nini watu wawili hupatwa na kisababishi kimoja, naye mmoja augue na mwingine asiugue? Swali hilo hakuliacha tena.

Alisoma Oxford akapata shahada ya udaktari wa falsafa mwaka wa 1957. Mwaka huo huo alikwenda Nijeria kukusanya damu, na baadaye akaendelea kukusanya katika nchi nyingine nyingi. Alitaka kuona jinsi protini za damu zinavyotofautiana kwa urithi kutoka watu hawa hadi wale. Njia yake ilikuwa na werevu. Mgonjwa ambaye ameongezewa damu mara nyingi huwa amepokea vitu vigeni kutoka kwa watu wengi, na mwili wake huviundia askari wa kuvipinga. Basi majimaji ya damu ya mgonjwa wa namna hiyo yakiwekwa katika tundu moja la sahani yenye utando mzito kama uji ulioganda, na majimaji ya damu ya mtu mwingine yakawekwa katika tundu la pili, vitu hivyo huenea polepole na kukutana katikati. Pale askari wanapomtambua adui wao, hutokea mstari mwembamba unaoonekana kwa macho.

Mwaka wa 1963, katika maabara ya serikali huko Bethesda karibu na Washington, Blumberg na mwenzake Harvey Alter waliona mstari usio wa kawaida. Damu ya upande mmoja ilikuwa ya mgonjwa wa New York mwenye maradhi ya damu isiyoganda, ambaye aliwahi kuongezewa damu mara nyingi. Ya upande wa pili ilitoka kwa mwenyeji wa asili wa Australia. Mistari waliyoizoea ilishika vizuri rangi ya kuonyesha mafuta, lakini huu uliikataa, ukashika rangi nyekundu ya kuonyesha protini. Hawakujua ni kitu gani. Wakakiita Antijeni ya Australia, jina la mahali tu, kama vile mtu apewavyo jina la kijiji alichotoka kwa sababu hakuna anayemjua. Yule Mwaustralia hatajwi kwa jina katika historia hii, wala yule mgonjwa wa New York.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kubahatisha, na ni haki kusema wazi kwamba Blumberg alipotea njia kwa muda. Alihamia Philadelphia mwaka wa 1964, katika taasisi ya utafiti wa saratani. Antijeni hiyo ilikuwa adimu katika Wamarekani wazima, nyingi katika baadhi ya watu wa nchi za joto na wa Asia, na nyingi pia katika wagonjwa wa saratani ya damu. Alidhani ni alama ya urithi, pengine alama ya watu waliozaliwa na hatari ya kupata saratani ya damu. Akafikiri kwamba, ikiwa ndivyo, basi watoto wenye hali ya kuzaliwa iitwayo Down, ambao hupatwa na saratani ya damu kuliko wengine, wataonekana nayo pia. Akawapima, akaikuta. Dhana ilionekana kuthibitika, kumbe kilichofanya iwe hivyo kilikuwa kitu kingine: watoto hao walikaa katika nyumba kubwa za kulelea, wamesongamana, mahali ambapo ugonjwa huambukizwa kwa urahisi.

Mwaka wa 1966 mmoja wa hao, aliyepimwa mara ya kwanza akaonekana hana antijeni, alipimwa tena akaonekana anayo. Alama ya urithi haiji baadaye, kama vile mtu hawezi kuzaliwa na kundi moja la damu akaamka siku nyingine ana jingine. Madaktari wakalichunguza ini lake wakaona limevimba. Mwaka uliofuata fundi mmoja wa maabara ya Blumberg alijisikia mchovu, akaona dalili za homa ya ini, akaipima damu yake mwenyewe. Mstari ukatokea. Hapo ndipo wale waliokuwa wakitafuta urithi walipotambua kwamba walikuwa wameshika kirusi cha homa ya ini. Mwaka wa 1968 Alfred Prince huko New York, na Kazuo Okochi huko Japani, kila mmoja kwa njia yake, walifikia hapo hapo. Mwaka wa 1970 David Dane na wenzake wa London walikiona kirusi chenyewe kwa hadubini ya elektroni. Ni kidogo mno: virusi 23,000 vikipangwa mstari mmoja havizidi milimita moja.

Kijana asomaye habari hizi angefaa aitazame tena hatua ile. Blumberg alikuwa na dhana aliyoipenda, na ushahidi uliokuwa upande wake haukuwa haba. Matokeo ya mtu mmoja tu yalipokataa kukubaliana na dhana hiyo, aliiacha. Wapo wataalamu wengi ambao wangesema kwamba kipimo cha pili kilikosewa.

Sasa na tugeuke tuje kwetu. Katika mwaka ule ule wa 1970 Charles Vogel na wenzake huko Kampala walitangaza matokeo ya kuipima antijeni hiyo katika damu ya Waganda na Waganda wa majimbo mengine, yaani raia wa Uganda waliougua saratani ya ini. Ilionekana katika wagonjwa hao mara nyingi kuliko katika watu wengine waliolinganishwa nao. Mwaka uliofuata, 1971, madaktari watatu wa Nairobi, Bagshawe, Parker na Jindani, wakaandika juu ya antijeni hiyo katika maradhi ya ini ya Kenya. Kwa hiyo, tangu miaka michache tu baada ya kirusi kutambuliwa, damu ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imetoa ushuhuda kwamba homa ya ini B na saratani ya ini huenda ni ndugu. Ushuhuda huo haukutosha kumaliza ubishi. Mtu aweza kusema kwamba saratani ndiyo iliyolidhoofisha ini hata kirusi kikaingia. Ili kujua kipi kilitangulia, hapana budi kuwapima watu wakiwa wazima, kisha kungoja. Kazi hiyo ilifanywa Taiwani na Palmer Beasley, aliyewafuata wanaume 22,707. Mwaka wa 1981 alitangaza kwamba wenye kirusi damuni mwao walikuwa na hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara 200 kuliko wasio nacho. Uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu haufikii hapo hata kidogo.

Lakini Afrika ya Mashariki ilikuwa na mshtakiwa wa pili, naye alipatikana kwa njia ya mifugo. Mwaka wa 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana, maini yao yakiwa yameharibika. Wakati huo huo vifaranga vya bata vilikufa kwa maelfu hapa Kenya. Ilionekana kwamba wote walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu, na kwamba kuvu hiyo hutoa sumu kali. Sumu hiyo ikapewa jina la aflatoksini. Watanzania huiita sumukuvu, nami naliona neno hilo kuwa bora, maana lajieleza lenyewe. Panya waliolishwa kiasi kidogo cha sumukuvu kwa muda mrefu walipata saratani ya ini. Swali likaja lenyewe: je, binadamu alaye mahindi na karanga zilizoota kuvu?

Huko Uganda, mwaka wa 1966 na 1967, zilikusanywa sampuli 480 za vyakula vilivyowekwa akiba majumbani. Karibu 30 katika kila 100 zilikuwa na sumukuvu, na Karamoja, ambako saratani ya ini ilikuwa nyingi, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochafuka zaidi. Lakini chakula kilichomo ghalani si chakula kiliwacho. Mama wa nyumbani huchambua, huosha, hutupa punje mbovu. Allen Linsell, mtaalamu wa patholojia aliyefanya kazi Nairobi, na mwenzake Peers, waliona kwamba kama wanataka kujua ukweli hawana budi kuingia jikoni.

Wakachagua wilaya ya Murang'a. Uchaguzi huo ulikuwa mzuri kwa sababu ya mlima. Wilaya hiyo yaanza juu katika baridi ya misitu ya Nyandarua, yashuka katika mashamba ya chai na kahawa, hata yafika chini kwenye nchi yenye joto kuelekea mto Tana. Watu wa juu na wa chini walikuwa wa kabila moja, lugha moja na mapishi yanayofanana; kilichowatenganisha zaidi ni joto, na joto ndilo liipendezalo kuvu. Watafiti walizunguka nyumba zilizochaguliwa, si mara moja, bali tena na tena katika misimu mbalimbali, wakiomba sehemu ya chakula kilichokwisha pikwa na kupakuliwa, kile kile ambacho jamaa wangekila siku hiyo. Tukumbuke kwamba hiyo ilikuwa miaka michache tu baada ya uhuru, na watu wa Murang'a walikuwa wametoka juzi juzi katika hali ya hatari, wakati ambapo mgeni aliyekuja mlangoni na maswali hakuwa mtu wa kukaribishwa. Nao wakatoa. Katika kazi nzima ya sayansi hii, sijui tendo lililo la ukarimu kuliko la mama anayempa mgeni sahani ya chakula ili ikapondwe maabara.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1973. Watu wa nchi ya chini walikula sumukuvu karibu mara 3 ya ile waliyokula watu wa juu, na wa katikati wakawa katikati. Saratani ya ini nayo ilipanda kwa mfuatano huo huo. Ulikuwa miongoni mwa uchunguzi wa kwanza duniani kuonyesha jambo hilo kwa vipimo vya chakula halisi cha watu, na hata leo namba za Murang'a hutajwa kila wanapokutana wataalamu wa sumukuvu.

Ilibaki kuwaweka washtakiwa wote wawili katika kizimba kimoja. Mwaka wa 1987 Herman Autrup, pamoja na Wakenya Johnston Wakhisi na Ambrose Wasunna, walitoa matokeo ya uchunguzi wa sehemu mbalimbali za Kenya. Waliitafuta alama ya sumukuvu katika mkojo, na alama ya kirusi katika damu. Karibu mtu 1 katika kila 8 alionyesha dalili ya kuwa amekula sumu hiyo siku za karibuni, na kiasi cha mtu 1 katika kila 10 alikuwa na kirusi. Picha waliyoipata haikuwa safi. Mahali pengine vitu hivyo viwili havikufuatana na saratani kama ilivyotarajiwa, nao waliandika hivyo bila kuficha. Jibu lililo wazi lilikuja kutoka Shanghai katika miaka ya 1990, ambako wanaume zaidi ya 18,000 walifuatwa kwa miaka. Sumukuvu peke yake ilizidisha hatari zaidi ya mara 3, na kirusi peke yake zaidi ya mara 7. Vilipokutana katika mwili mmoja hatari ilifika karibu mara 60. Mahindi na damu vilikuwa vimefanya kazi pamoja muda wote ule.

Kuhusu mahindi, dawa yake ni ghala kavu, jua na bei nzuri ya mazao, mambo ambayo hayatoki maabara. Kuhusu damu, Blumberg alikuwa na fikira mapema. Katika damu ya mwenye kirusi huelea vipande vingi mno vya ganda la kirusi, vitupu, visivyo na mbegu ndani yake, ambavyo haviwezi kuambukiza. Mwaka wa 1969 yeye na Irving Millman waliomba hati ya kumiliki njia ya kuvichuja vipande hivyo na kuvitumia kama chanjo. Ilikuwa ajabu, kutengeneza kinga kutokana na damu ya wagonjwa wenyewe. Chanjo ilijaribiwa New York na Wolf Szmuness, ikaruhusiwa Marekani mwaka wa 1981. Mwaka wa 1986 ikaruhusiwa nyingine iliyotengenezwa kwa hamira, isiyohitaji damu ya mtu. Blumberg alikwisha kupata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1976, pamoja na Carleton Gajdusek aliyechunguza ugonjwa mwingine huko Nyugini.

Hapa msimulizi angependa kuharakisha, lakini pana miaka 20 isiyoweza kurukwa. Chanjo ya kwanza iliuzwa kwa karibu dola 100 kwa dozi 3 za mtu mmoja. Serikali iliyokuwa na senti chache kwa afya ya kila raia haikuweza hata kuuliza bei. Taiwani, iliyokuwa na uwezo na ilikwisha kupoteza watu wengi, ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka wa 1984, na mwaka wa 1997 wataalamu wake walionyesha kwamba saratani ya ini katika watoto wa miaka 6 hadi 14 ilipungua karibu nusu. Mwaka wa 1992 wakuu wa afya wa dunia walikubaliana kwamba kila nchi iiingize chanjo hii katika mpango wake kabla ya mwaka wa 1997 kwisha. Mwaka huo ulipita. Kenya ilianza kuitoa kwa watoto wote mwishoni mwa mwaka wa 2001, kwa msaada wa Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo ulioanzishwa mwaka wa 2000, na bei ilikuwa imeshuka sana wakati huo. Watu wa Kampala walikuwa wamekwisha kutoa damu yao kufikia mwaka wa 1970. Watoto wao walikua na kuzaa kabla sindano haijafika.

Tena, kuchelewa katika ugonjwa huu si sawa na kuchelewa katika mwingine. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hukishinda kirusi; wanaobaki nacho hawafiki 5 katika 100. Mtoto mchanga akiambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, hubaki nacho 90 katika 100. Katika Afrika wengi huambukizwa miaka ile ya kwanza, ama na mama, ama na watoto wenzao, kwa vidonda na michubuko ya michezoni. Kirusi hukaa kimya katika ini miaka 20, 30, au 40. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani tangu mwaka wa 2009 limeshauri dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Mpango ulioanza Kenya mwaka wa 2001 uliweka dozi katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ukiwalinda watoto dhidi ya wenzao vizuri zaidi kuliko dhidi ya saa ile ya kwanza.

Mwaka wa 2004 washtakiwa wale wawili walionekana tena pamoja, mara hii kwa ghadhabu. Katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu. Watu 317 waliugua kwa sumukuvu, na 125 wakafa, wengi wao maini yakishindwa kufanya kazi katika siku chache. Wachunguzi walipowalinganisha wagonjwa na majirani wazima, waliona kwamba walioathirika walikuwa na kirusi cha homa ya ini B mara nyingi kuliko majirani hao. Ini lililokuwa limebeba mzigo mmoja kimyakimya halikuweza kuubeba wa pili.

Na Soweto West? Hakuna ghala huko, wala shamba. Mahindi hufika yamekwisha kuwa unga, kutoka kinu cha posho au duka la pembeni mwa njia, nao hununuliwa kwa kipimo cha mlo wa jioni ile. Mama wa Murang'a mwaka wa 1970 aliweza kuona punje iliyooza akaitupa. Mama wa Kibera huona unga mweupe. Sheria ya Kenya hairuhusu zaidi ya maikrogramu 10 za sumukuvu katika kilo moja, kiasi ambacho jicho, pua na ulimi haviwezi kukijua, wala kusonga ugali motoni hakukiondoi. Mnamo Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha chapa 5 za unga kwa kuzidi kipimo hicho. Hadi siku hiyo unga huo ulikuwa ukiuzwa na kuliwa. Kwa upande wa damu, basi, mtoto wa Soweto West ana kinga ambayo baba yake hakuwa nayo. Kwa upande wa mahindi yu sawa na baba yake.

Watu wa kijiji hicho, kwa njia, wangeyaelewa vizuri maombi ya Linsell na Peers. Tangu katikati ya miaka ya 2000, wahoji wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walizoea kupita nyumba kwa nyumba katika Soweto West na Gatwekera, wakiuliza nani ana homa, nani anakohoa, nani anaharisha.

Blumberg alifariki tarehe 5 Aprili 2011 huko California, muda mfupi baada ya kuhutubia mkutano, akiwa na umri wa miaka 85. Siku yake ya kuzaliwa, 28 Julai, imefanywa kuwa siku ya kukumbuka homa ya ini duniani pote. Wakenya wa kwanza waliochanjwa sasa wana umri wa miaka ishirini na kitu. Bado hawajafika umri ambao ugonjwa huu huwapata wanaume wa nchi hii, kwa hiyo hakuna awezaye kuonyesha Nairobi kile kilichoonyeshwa Taiwani. Lakini katika mwaka ule ule wa 2001 ilianzishwa Nairobi daftari ya saratani, ambamo wagonjwa wa jiji huandikwa kwa umri, kwa jinsia na kwa kiungo kilichougua. Watunzaji wake hupita hospitali moja baada ya nyingine wakifungua mafaili. Katika safu ya ini, mbele ya miaka ya kuzaliwa inayofuata 2001, nafasi nyingi zingali tupu.